Mfupa Aliounoa Mama

Kitabu cha historia cha kidato cha kwanza tunachofundishia hapa Tunduma kinazipa zana za mifupa mstari mmoja na nusu. Watu wa kale walitengeneza pia sindano na ndoana kwa mifupa, basi, aya imekwisha, tunarukia kwenye moto. Kila mwaka nafika kwenye mstari huo na kila mwaka nakasirika upya. Nafundisha vipindi viwili vizima kitu ambacho mtihani hautakiuliza, na mwalimu wa taaluma ameshanikumbusha zaidi ya mara moja kwamba silabasi ipo ifuatwe. Namjibu sawa, kisha naendelea na yangu. Mimi ni mwalimu mwenye hasira, wanafunzi wanajua, na wale wa viti vya nyuma wamenipa jina la utani wanalodhani silijui.

Ninachowaeleza ni hiki. Mfupa wa sindano hautoki kwenye sufuria. Ukishapikwa umekufa, ukiuchonga unapukutika mkononi. Unautaka mbichi, wa mguu wa nyuma wa mbuzi, ule mwembamba ulio juu ya kwato, na unautaka siku ileile aliyochinjwa. Mfupa huo umezaliwa na kijifereji kinachopita katikati yake kwa urefu. Unakifuata kwa jiwe lenye makali, unakwaruza kwenda na kurudi, upande wa mbele, halafu upande wa nyuma, bila haraka, mpaka uone uboho. Hapo unaweka kabari, unagonga mara moja, na mfupa unapasuka vipande viwili virefu. Kile kichwa cha kiungo hukiondoi, maana ndicho kitakachokaa kiganjani. Baada ya hapo ni jiwe la mchanga na maji, unasugua huku unazungusha, mpaka ncha itoke, na mkono ukichoka unapumzika kisha unarudi. Unamalizia kwa majivu na kipande cha ngozi, halafu unapaka mafuta ya nyonyo.

Binti mmoja aliwahi kuniuliza, "Madamu, haya yote umeyajuaje na kitabu hakijasema?" Nikamjibu kwamba niliwahi kufanya kazi na watafiti. Si uongo. Ila ni nusu ya jibu, na ile nusu nyingine sijawahi kuisema darasani.

Niliyajua kwa mama yangu. Mama ni Mnyiha wa Itaka aliyeolewa Galula, na kutoka kwao alikuja na mambo mawili, ushonaji wa vikapu na ukaidi. Wanawake wenzake pale Galula walikuwa wameshahamia kwenye spoku za baiskeli zilizochongwa ncha. Yeye, ng'o. Alisema chuma kinakata ukindu, mfupa unausogeza tu ukupishe. Sindano yake haikuwa na tundu. Kazi yake ilikuwa kutoboa njia katikati ya nyasi zilizofungwa, na ukindu unapita nyuma yake. Kwao Itaka wanawake waliazimana sindano hizi, na sheria ilikuwa moja: sindano ya mwenzio ikilala kwako, inarudi kali na imepakwa mafuta. Kuirudisha butu ni tusi, umemwambia mwenyewe kwamba kazi yake huijali. Nikiwa na miaka minane niliwahi kupeleka ya jirani bila kuinoa. Nilichapwa, nikarudishwa nayo, nikaambiwa niombe radhi na kuinoa mbele ya mwenyewe.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, walikuja watafiti kuchimba kwenye pango la mwamba kule milimani. Kiongozi wao tulimwita Daktari. Alikuwa mtu wa chuo kikuu, Mtanzania mwenzetu, mpole, anayempa shikamoo kila mama hata yule anayelingana naye umri. Nalisema hili mapema kwa sababu watu nikianza kuwasimulia hutaka awe mtu mbaya, wapumue. Hakuwa mtu mbaya. Mimi nilipata kazi ya kuchekecha udongo, mama akapata ya kupika. Asubuhi tulipanda mishikaki kwenye bodaboda moja, mimi katikati, mama nyuma na masufuria yake, na kila kwenye bonde alikuwa anamwambia dereva taratibu baba, taratibu.

Matokeo yangu ya mtihani hayakuwa ya kumwonyesha mgeni. Lakini Daktari aliona jinsi ninavyotofautisha mfupa na jiwe kabla hata sijauokota, akaniahidi barua. Angeniandikia chuo anachokijua, na angenisemea nipate ufadhili. Baba alikuwa ameshafariki, na bila barua ile njia yangu ilikuwa inajulikana: ningeenda Tunduma kama binamu zangu, kuvusha mizigo ya watu mpakani na kujifunza kutaja bei kwa Kibemba. Kwa hiyo barua ile ilikuwa maisha yangu, na nilikuwa tayari kuifanyia chochote. Sikujua bado chochote ni nini.

Sindano yenyewe niliiona mimi kwenye chekeche. Urefu wa kidole cha kati, rangi ya chai ya rangi, kichwa cha kiungo kipo, kijifereji kipo. Msaidizi wa Daktari, mwanafunzi wake, akasema ni ncha ya mshale. Nikasema hapana, ni sindano ya kushonea, mama anazo kama hizi nyumbani. Wakacheka. Hawakucheka vibaya, walicheka kama mnavyomcheka mtoto akisema mwezi unatufuata. Daktari akasema tusikimbilie majibu. Itaenda maabara, itawekwa chini ya hadubini, mikwaruzo midogo ya kwenye ncha itasema yenyewe ilikuwa inatoboa nini na kwa mkono gani. Kwa sababu hiyo hairuhusiwi kuoshwa, hairuhusiwi kusuguliwa, na kitu chochote kilichotoka shimoni hakiondoki kambini. Iliwekwa kwenye trei, ndani ya hema la vifaa.

Jumamosi mchana, kazi ya wiki ilipofungwa, niliiondoa. Niliifunga kwenye leso nikaitia ndani ya blauzi, nikapanda bodaboda nikaenda nayo nyumbani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilitaka kuwa mshindi wa ubishi. Mpango wangu ulikuwa kuilinganisha na za mama, nihesabu mifanano, nirudishe Jumatatu alfajiri, kisha nimwage hoja zangu mbele yao. Mama alikuwa ameenda kusaga. Nilizilaza sindano pamoja kwenye ungo, ya kale na zake tatu. Zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Nikafurahi mpaka nikasahau, nikatoka mbio kwenda mazoezi ya kwaya, sindano nikaiacha palepale kwenye ungo.

Niliporudi mama alikuwa amekaa mlangoni, jiwe mapajani, bakuli la maji pembeni. Alikuwa ameshamaliza. Alikuwa anaipaka mafuta.

"Hii ya nani?" akaniuliza. "Ni nzuri, ila ilikuwa imechoka sana."

"Mama, umeinoa?"

"Sasa ningemrudishia mwenyewe butu?"

Alidhani nimeiazima kwa mwanamke fulani wa vijiji vya huko kambini. Na kabla sijafungua mdomo akaanza kunieleza habari za huyo mwanamke, kama fundi anavyosema habari za fundi mwenzake. Anatumia mkono wa kushoto, alisema, kwa sababu ncha ililika upande huu. Na hashoni vikapu, anashona ngozi, ukindu hauli mfupa namna ile. Na iliwahi kumvunjikia kidogo, akaichonga upya, ndiyo maana ni fupi. Alikuwa anapitisha kidole gumba mahali ambapo vitu hivyo vyote vilikuwapo nusu saa iliyopita. Alichokuwa anakitafuta Daktari kwa hadubini, mama alikuwa amekisoma kwa kidole, kisha akakifuta kwa jiwe la mchanga kwa sababu alilelewa vizuri.

Nikamwambia ilikotoka. Akaacha kuipaka mafuta.

"Kwa hiyo mwenyewe hayupo."

"Hayupo, mama. Wa zamani sana."

"Basi nimemnolea marehemu," akasema, akaiweka chini polepole. "Jumatatu utamwambia yule baba. Umwambie wewe mwenyewe."

Nikasema nitamwambia.

Sikumwambia. Jumatatu niliirudisha kwenye trei kabla watu hawajaamka vizuri, nikaishindilia chini ya mifupa mingine, nikaenda kwenye chekeche langu nikiomba Mungu. Nilikuwa naomba nini hata sijui. Kabla ya chai Daktari alikwenda kupiga picha vilivyomo kwenye trei, na hakuhitaji hadubini. Ilikuwa inang'aa na inanuka nyonyo. Alituita wote, wachimbaji wanne wa kijijini kwetu, msaidizi, mimi na chekeche langu mkononi. Mama alikuja na mwiko mkononi. Na kambini hapo mtu anayejipaka nyonyo alikuwa mmoja tu, kila mtu alijua.

"Mama," Daktari akasema, "hii umeigusa wewe?"

Mama akanitazama. Nataka niseme sawasawa jinsi ilivyokuwa, kwa sababu nimejidanganya mara nyingi kwamba mambo yalikwenda haraka. Hayakwenda haraka. Alinitazama, akasubiri. Alinipa nafasi ya kutosha kusema sentensi moja, na sentensi nilikuwa nayo, fupi, ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Mimi niliyechukua. Nikaiona barua. Nikainamia chekeche.

"Nimeigusa," mama akasema. "Nimeinoa."

Hakuongeza neno. Hakusema ameinolea wapi wala nani aliileta, na hakuna aliyemuuliza. Mpishi, hema liko wazi, mafuta yake, wakajijibu wenyewe. Daktari alikaa juu ya kreti. Laiti angefoka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kitu kile kilikuwa ardhini kabla ya ukoo wa mtu yeyote aliyesimama pale, kilitusubiri muda wote huo, na mama amekifuta kabla hatujakisoma.

"Mimi nilikisoma," mama akasema.

Msaidizi akaguna kicheko. Daktari akatikisa kichwa, nafikiri aliona ni jeuri ya mtu mzima anayejitetea. Akamwomba, kwa adabu zote, aondoke kambini siku hiyohiyo. Mama akarudi jikoni, akafuta mwiko, akafunika sufuria. Aliponipita akaniambia, "Usiache maharage yaungue." Akaondoka kwa miguu. Nami nikabaki, nikayakoroga yale maharage, nikawapakulia, na nikala.

Wachimbaji wanne walirudi kijijini jioni, na habari ikarudi nao. Mfupa, pango, mafuta, mjane. Kwetu ukiyaweka maneno hayo manne pamoja, la tano watu wanalitia wenyewe. Hakuna aliyemwita mama mchawi mbele ya macho yake. Walifanya kwa upole, na upole wa watu wa kanisa unaua bila alama. Mama ndiye aliyekuwa anaosha vikombe vya meza ya Bwana na kupiga pasi kitambaa chake, kazi aliyoifanya tangu sijaanza shule. Mwezi uliofuata walikuja akina mama wawili, wakanywa uji, wakamsifia uji, wakasema umri unasogea, mama pumzika, wacha vijana washike. Mama alikuwa bado hajafika miaka hamsini. Akawapa funguo za kabati. Vikapu vyake vikaanza kulala sokoni, watu wanavipita wanakwenda kununua ndoo za plastiki. Msimu mmoja haukwisha, akaacha kushona.

Barua niliipata. Daktari aliandika ukurasa mzima, na katikati yake kulikuwa na neno mwaminifu. Njia ya mwongo fupi, wanasema wahenga. Yangu ilinifikisha chuoni, ikanipa cheti, ikanipa diploma, na sasa inanipa mshahara wa serikali. Nikiwa chuoni niliisoma taarifa ya uchimbaji ule. Ilisema zana moja ya mfupa iliharibiwa ncha na mpishi asiye na mafunzo, hivyo haikuwezekana kujua ilitumika kwa kazi gani. Nilikuwa najua ilitumika kwa kazi gani. Mtu wa mkono wa kushoto, anashona ngozi, ilimvunjikia mara moja. Ningeweza kumpigia Daktari simu dakika ileile. Nilifunga taarifa nikaenda kula.

Miaka mingi ikapita, nikawa nakwenda Galula kila likizo na sukari na vitenge, tunaongea habari za mvua. Mwaka jana nikapata wazo ambalo nililiona zuri. Nilimwomba mwenye bucha hapa Tunduma anitunzie mguu wa nyuma wa mbuzi, mbichi, nikaufunga kwenye plastiki na barafu nikasafiri nao. Nilitaka mama anitengenezee sindano moja ya kuonyesha darasani. Nikaufungua mbele yake. Alikuwa anapepeta ufuta.

"Mfupa sigusi," akasema. "Upike supu."

Ndipo nikapasuka. Nikamwambia yote yaliyonikaa kifuani, barua, chekeche, ule muda alionipa nami nikainama. Nikamwambia nisamehe mama, nilikuuza. Nililia kweli, sisemi kwa sifa. Aliendelea kupepeta mpaka ufuta ukaisha.

"Najua ulichofanya," akasema. "Nilikuwepo. Sasa unaniambia mimi ili iweje?"

Nikasema basi nitawaambia wao. Jumapili, kanisani, mbele ya wote, ili jina lake lisafishwe.

"Usiende."

"Kwa nini mama? Ni haki yako."

"Nimesema usiende."

Lakini mimi ni mwalimu. Nimezoea kwamba kosa linasahihishwa ubaoni, kila mtu aone. Na kusema ukweli wote, sikuwa naenda kwa ajili yake peke yake. Nilikuwa nimeubeba mzigo ule na nilitaka pa kuutua, na mahali penye watu wengi palionekana panafaa. Jumapili yeye alibaki nyumbani akisema mgongo unamuuma. Nilimwomba mzee wa kanisa dakika chache wakati wa matangazo, akanipa.

Nilisema vizuri, hilo sijinyimi. Nilisimulia pango, sindano, sheria ya Itaka ya kutorudisha butu. Nikasema mfupa niliuchukua mimi, mama aliunoa kwa heshima, na wale waliosema ni uchawi walimsingizia mwanamke asiye na kosa. Nilitaja neno hilo, uchawi, mbele ya madhabahu, waziwazi. Nikiwa pale mbele nikaanza kuziona nyuso. Viti vilikuwa vimejaa vijana, wachimba dhahabu, wenye maduka, familia zilizohamia na ng'ombe wao juzijuzi. Walikuwa wananisikiliza macho yamewatoka. Wale mabibi wachache waliokuwa wanaijua habari walikuwa wanatazama mikono yao. Mmoja wa wale wawili waliofuata funguo alikuwa anatikisa kichwa kwa huruma, kama vile naongelea wanawake wa kijiji kingine.

Mzee wa kanisa akanishukuru kwa ushuhuda, akasema Bwana asifiwe, kisha akatangaza michango ya mahindi kwa ajili ya semina. Nikatoka nikiwa mwepesi kabisa. Mlangoni wasichana wawili wa kwaya walinisogelea kwa adabu, mmoja akaniuliza, "Dada, kumbe yule bibi wa nyumba ya kona ndiye wa mifupa? Ilikuwa mifupa ya watu?"

Nikamwambia ilikuwa ya mnyama. Akasema "Ee," akamtazama mwenzake.

Watoto wa majirani walikuwa na kawaida ya kuja kwa mama kila mchana kula karanga na kumsumbua. Jumatatu hawakuja. Jumanne alikuja mmoja, dada yake akamfuata mbio akamvuta mkono wakarudi. Jumatano mama aliweka bakuli la karanga kizingitini kama kawaida, akakaa, jua likazunguka mpaka upande wa pili wa nyumba, bakuli likiwa limejaa. Nilikuwa nafunga mizigo yangu. Nikamwambia watazoea, mama, ukweli una njia yake. Alimenya karanga moja akaila.

"Waliokuwa wanalijua jambo lile tulishawazika karibu wote," akasema. "Walikuwa wamebaki watano. Nilikuwa nimewahesabu, mwanangu, na wote ni wakubwa kwangu. Nilikuwa nawasubiri tu wamalizike, halafu niishi."

Akalisogeza bakuli kivulini.

"Sasa umewapa na wajukuu wao."